Msiba Haufukuzi Mtu

Nyamahanga, Biharamulo
12 Machi 2023

Kaka Anastazi,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Mimi mdogo wako ni mzima, ila kifua kinabana kwa vumbi la maganda ya alizeti, jambo ambalo hapa kiwandani hatuliiti ugonjwa. Natumaini wewe, wifi na wote hapo Rulenge hamjambo. Mguu wa mama unaendeleaje? Mwambie Agripina wangu asimchoshe bibi yake, na daftari la hesabu nitalikagua Pasaka hata akilificha kwenye migomba.

Najua utashangaa kupata barua kama mtu wa zamani. Kaka, kuzungumza nawe kwa simu ni kugombana. Sikio lako moja limekufa na la pili linachagua cha kusikia, nami nikipaza sauti majirani wanadhani nadai mahari. Basi barua nitakuwa nampa kondakta wa basi, naye hana haraka ya kusoma.

Kazi ipo, kwa namna yake. Asubuhi tunajipanga nje ya geti, msimamizi anasimama ndani na kuita majina. Ukiitwa unaingia. Usipoitwa unarudi nyumbani, ujaribu kesho. Huo ndio mkataba wetu wote. Na msimamizi mwenyewe ni mwanao Frednand! Mtoto niliyembeba mgongoni sasa ananiita mbele ya watu kama padre anayesoma matangazo ya ndoa. Mimi nacheka tu, ndiyo kazi yake.

Mzee Ntakirutimana, mpakia magunia, alipofariki mwaka jana, kampuni ilisema kibarua hana jeneza. Tulichanga wenyewe tukamfikisha kwao. Tangu hapo tuna chama cha kuzikana, na mwenyekiti ni Nshoma wa Kaniha, mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Tukikutana tunaweka chungu kimoja cha rubisi, pombe ile ya ndizi, kila mtu na mrija wake, kama kwetu. Frednand naye yumo. Wapo waliouliza msimamizi anatafuta nini kwetu, Nshoma akawajibu kwamba msiba haufukuzi mtu.

Sasa neno lililonifanya niandike. Tumesikia mwekezaji wetu anataka kujenga kiwanda cha pili huko Ngara, na ninyi madiwani mtaombwa kumpa ardhi bure na kumsamehe ushuru. Kabla hujakubali, mwulize ni wangapi hapa wana mkataba, nani amesajiliwa kwenye mfuko wa fidia, na kwa nini hataki chama cha wafanyakazi kifungue tawi. Uliza tu, kaka. Kuuliza si ujinga.

Mdogo wako,
Deodata


Rulenge, Ngara
16 Aprili 2023

Mdogo wangu Deodata,

Milele na milele, amina. Marahaba. Pasaka tumeila bila wewe, na mwanao alikaa barabarani mpaka basi la mwisho likapita. Nilimwambia kazi haina sikukuu. Mguu wa mama umevimba tena, anatembea kwa kushika ukuta. Wifi yako anakusalimu sana.

Nikupe habari kabla hujaipata kwa wengine. Mama ameondolewa kwenye ruzuku ya kaya maskini. Mkutano wa kijiji ulisema ana binti aliyeajiriwa kiwandani na mtoto diwani. Nilikuwapo. Sikupinga, kwa sababu ningepinga wangesema diwani anamlinda mama yake. Na tuseme ukweli, ruzuku hizi zina ubaya wake. Watu wanazoea kupewa, jembe linashika kutu ukutani.

Maswali yako nimeyasoma. Yamepangwa vizuri, maana ni mimi niliyekufundisha insha. Lakini wewe unatazama geti lako tu. Mimi natazama vijana wa kata nzima wanaoshinda kwenye bao na pikipiki za mkopo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu ana wilaya nyingi zinazomwita. Tukimpokea kwa masharti na vyama atafunga mizigo, na alizeti yetu itaharibikia ndani. Kwanza aje, atulie, haki zitafuata. Kazi ndogo ni bora kuliko kukosa kazi.

Frednand ametuletea mabati. Mtoto yule amekuwa mtu. Mheshimu, hata kama ulimbeba.

Kaka yako,
Mwl. Anastazi


Nyamahanga
21 Mei 2023

Kaka,

Shikamoo. Huku mvua zimekatika mapema, maharage yamekauka kabla ya kujaza. Mimi mzima. Nimempelekea mama kitenge na dawa ya kuchua kwa mkono wa dada mmoja anayetoka Rulenge. Kama havijafika, ulizia kwa Francisca karibu na misheni.

Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikaenda kuchota maji ili nisije nikakuandikia kwa hasira. Nimerudi na maji na hasira bado ninayo. Mama anashika ukuta ili atembee, nawe ukakaa kimya mkutanoni ili usionekane na upendeleo? Mwenye kiwanda akipewa ardhi bure na kusamehewa ushuru, mnaita kivutio. Mama akipewa hela ya chumvi na sabuni, mnaita kuzoea kupewa. Nani kati yao jembe lake limeshika kutu? Mimi sijaajiriwa, kaka. Mimi naitwa jina. Siku nisipoitwa, mama yako hana binti wa kiwandani.

Na ile methali ya mgeni, mwenzake umemwacha nyumbani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu ana mwaka wa nne na bado tunamtandikia kitanda.

Nakuambia jambo kwa sababu wewe ndiwe baba yangu tangu baba afe. Tunafungua tawi. Bwana Khalidi wa chama cha wafanyakazi alikuja kutoka Bukoba, akakaa kwetu kwenye kikao cha kuzikana kama mfiwa. Tunasubiri Frednand anyonye rubisi yake aondoke, ndipo karatasi zinatoka, watu wanatia sahihi. Nilimwuliza Nshoma kama haogopi msimamizi kuwa mwenzetu. Akasema aliyenyonya chungu kimoja nasi na kubeba jeneza nasi hawezi kutuuza. Kwetu ni hivyo, kaka, nami nimemwamini. Usimwambie mtu. Nakuomba kwa jina la mama.

Deodata


Rulenge
18 Juni 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Kitenge kimefika, mama alikivaa kanisani. Dawa pia. Agripina amekuwa wa tano darasani, angekuwa wa tatu kama asingekuwa mbishi. Sijui amerithi kwa nani.

Nimeyasoma yote, nimetafakari. Nilizungumza na Frednand kwa simu mambo ya kawaida ya nyumbani. Nilimwambia akuangalie, akuepushe na makundi. Ndivyo baba angefanya.

Juma lililopita kamati yetu ilialikwa kutembelea kiwanda. Tulipokelewa vizuri mno, tukala, tukaoneshwa mashine. Kila kitu kilikuwa safi, na wafanyakazi wachache tuliowaona walivaa viatu vya kazi na kofia. Nilikuulizia. Wakaniambia uko zamu nyingine.

Kaka yako,
Anastazi


Nyamahanga
30 Julai 2023

Kaka,

Shikamoo. Wifi anaendeleaje na macho? Mimi nipo.

Siku mliyokuja sikuwa zamu nyingine. Tulifungiwa ndani ya ghala la mashudu, sisi wote tusio na viatu, tukaambiwa atakayepiga kelele asirudi tena. Mlango wa ghala haufiki chini. Niliona viatu vikipita, vyako nikavitambua, vile vyeusi ulivyovaa siku tulipomzika baba, cha kushoto kina kiraka pembeni. Ulisimama pale kidogo, mtu akakueleza bei ya mashudu. Ningeweza kunyoosha kidole nikakugusa. Sikufanya hivyo kwa sababu niliogopa, na kwa sababu niliona aibu. Aibu ya nani, sijui bado.

Jumatatu iliyofuata Frednand aliita majina, na wote waliotia sahihi hawakuitwa. Wala Jumanne. Hakuna aliyefukuzwa, maana hakuna aliyeajiriwa. Bwana Khalidi alisema ukitaka kushtaki lazima uwe umefukuzwa, na hapa geti halimfukuzi mtu, linanyamaza tu. Nshoma amerudi Kaniha kulima shamba la shemeji yake. Kabla ya kuondoka alilia mbele yetu, mtu mzima yule. Alisema, "Nilidhani chungu kinatosha."

Sijui Frednand alijuaje tulichokuwa tunafanya yeye akiondoka. Sikuulizi.

Juzi alikuja kwangu mwenyewe, ameshika kofia. "Shangazi, nimekuombea. Lakini si kuchambua tena, ni kwenye mashine ya kukamua." Mashine ile wanawake hawaendi. Maganda yanakwama mdomoni mwake, unayasukuma kwa kijiti huku inazunguka, kwa sababu wakiizima inapoteza moto na mafuta yanapungua. Kifuniko chake cha chuma walikitoa zamani ili kijiti kiingie. Zamani ningekataa. Zamani mama alikuwa na ruzuku yake. Nimekubali, ninaanza kesho.

Wewe uliza tu yale maswali matatu kwenye kikao chenu. Sina ombi lingine.

Deodata


Rulenge
24 Septemba 2023

Mdogo wangu Deodata,

Hii ni barua ya pili tangu Agosti. Ya kwanza hukuijibu, na simu yako haipatikani. Mama alipigiwa simu na mtu wa huko, akalia siku nzima, na kila nikimwuliza ananiambia nimwulize Mungu. Agripina naye hataki kula kwangu. Kuna nini?

Kikao kilifanyika. Katika barua ile ya kwanza nilisema nitakuandikia kama mwanaume, na ninakuandikia. Nilikuwa nimeyaandika maswali yako kwenye kipande cha karatasi mfukoni. Wenzangu walizungumza kwa furaha kubwa, mmoja akasema mwenye maswali mengi ni adui wa maendeleo ya wilaya, watu wakapiga meza. Muda ukawa umekwisha. Tuliambiwa wanaokubali wanyooshe mikono. Nilinyoosha. Hata mkono mmoja haukubaki chini.

Kiwanda kitajengwa. Vijana wa hapa watapata kazi, Deo. Siku moja utaona kwamba sikukosea sana.

Nijibu.

Anastazi


Nyamahanga
12 Novemba 2023

Kaka Anastazi,

Shikamoo. Usishangae mwandiko. Ni wa Shamsia, binti wa Mzee Saidi mwenye duka hapa sokoni. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwomba asipunguze neno.

Mkono wangu wa kulia haupo. Mashine iliuvuta mwezi wa nane, siku ya Alhamisi, pamoja na kijiti. Niliposhikwa nilimwita Frednand, alikuwa amesimama karibu. Alikimbia. Nilidhani amekimbilia swichi. Alikimbilia ofisini kuomba ruhusa ya kuzima. Biubwa, mwanamke anayeshona viroba, ndiye aliyezima. Hospitali walikata juu ya kiwiko.

Kampuni imesema sikuwa kazini siku hiyo. Imesema niliingia mwenyewe kuiba mafuta. Walimwita Frednand, akaulizwa kama aliliita jina langu asubuhi ile. Alisema hakuliita. Aliliita, kaka. Niliitikia. Lakini jina likishatoka mdomoni halina alama, na wenye masikio wana watoto nyumbani.

Mama alijua tangu siku ile. Ni mimi niliyemkataza kukuambia. Kikao chenu kilikuwa hakijafika, nami nilitaka uamue kwa yale niliyokuandikia, nilipokuwa na mikono yote, si kwa huruma. Niliweka tumaini kwako. Sasa najua.

Nshoma alikwenda hospitali akauomba mkono wangu, akaufunga kwenye kitenge. Chama cha kuzikana kilikutana, tukauzika nyuma ya nyumba yangu, na chungu kikawekwa kama kwa mtu. Frednand alikuja. Watu walinitazama mimi. Nilisema apewe jembe achimbe kama wengine, maana ndiyo sheria yetu na sikuitunga jana. Alichimba akilia. Machozi yake nayaamini. Ila hayajasema kitu mbele ya mtu yeyote.

Afisa kazi atakuja mwezi wa kwanza kusikiliza pande zote. Bwana Khalidi anasema nikipata msimamizi aseme kwamba aliliita jina langu, basi nilikuwa mfanyakazi, na fidia italipwa, na wengine wote wa getini watahesabiwa kuwa wafanyakazi. Sikuulizi ulimwambia nini mwanao mwezi wa sita. Nakuomba umwambie neno moja tu sasa. Aseme aliliita.

Deodata
(kwa mkono wa Shamsia Saidi)


Rulenge
17 Desemba 2023

Deodata mdogo wangu,

Nilipoisoma barua yako sikuweza kuimaliza nikiwa nimekaa. Nilitoka nikazunguka nyumba. Mama aliniangalia kutoka barazani, na kwa kweli tangu Septemba haniambii kitu.

Kwa nini hukuniambia? Ungeniambia nisingenyoosha. Naapa. Ulinificha, kisha unanihukumu kwa nisichokijua. Mtu hupewa nafasi, Deo, hata mwizi hupewa.

Nimezungumza na Frednand, alikuja mwenyewe. Ana watoto watatu sasa, na mke wake ni mjamzito. Kampuni imempa usimamizi wa kiwanda kipya cha huku, ataanza msingi ukikamilika. Anasema kauli akiibadilisha atafungwa kwa kusema uongo ile mara ya kwanza. Nilimsihi. Sikumlazimisha, ni mtu mzima. Anakuheshimu sana. Alitaja namna ulivyokuwa ukimwimbia.

Nimeanza taratibu za kumrudisha mama kwenye ruzuku, na wewe pia unaweza kuombewa, kwa hali yako ya sasa. Nakutumia maharage na kahawa ya shambani kwetu. Rudi nyumbani. Chumba chako kipo, wifi yako amekipaka chokaa. Mambo ya kiwanda mwachie Mungu.

Kaka yako akupendaye,
Anastazi


Nyamahanga
28 Januari 2024

Kaka,

Shikamoo. Huu ni mwandiko wangu, wa kushoto. Agripina ndiye anayenifundisha, alikuja likizo na hatarudi huko. Nitaandika kidogo, naumia.

Maharage yamefika. Biubwa nimempa nusu, utajua kwa nini.

Afisa kazi alikuja, akasimama getini. Aliuliza nani alisikia jina langu likiitwa Alhamisi ile. Watu wote niliowazikia ndugu zao walikuwepo. Biubwa peke yake alinyoosha mkono. Frednand aliulizwa, akatazama viatu vyake. Alisema hakuliita. Afisa alisema shahidi mmoja hatoshi, akapanda gari.

Asubuhi yake jina la Biubwa halikuitwa.

Jumamosi tulikuwa na msiba, mama yake Nshoma. Frednand alikuja na mfuko wa sukari. Hakuna aliyesogea kumpa nafasi, basi nilisogea mimi. Nilimpa mrija kwa mkono wa kushoto. Alijua huo siyo utovu wa adabu, sina mwingine. Alinyonya.

Mama mrudishie ruzuku, hiyo ni haki yake. Mimi usiniombee. Nisipoitwa getini nitaendelea kusimama pale, ili wanaoingia waone.

Siku ukifa, watume watu waniambie. Nitakuja. Nitakutilia udongo kwa mkono uliobaki, na nitanyonya chungu na watoto wako. Msiba haufukuzi mtu.

Kabla ya siku hiyo usiniandikie.

Deodata